Mkeka wa Ukuta Uliopinda

Msikiti mdogo wa kichochoroni, kule Kajificheni, ulijengwa na watu walioijua kibla vizuri lakini hawakuwa na kiwanja cha kutosha. Ukuta wa mbele ulikaa sawa, na wa kushoto ulikaa sawa. Wa nyuma nao hauna lawama. Ukuta wa kulia ndio uliolazimika kufuata nyumba ya jirani, na nyumba ya jirani ilifuata njia, na njia yenyewe hakuna ajuaye ilikuwa ikifuata nini. Basi chumba kikawa chembamba mbele na kipana nyuma. Mikeka iliyotandikwa humo ilikuwa na pembe nne kama mikeka yote, na kwa hiyo upande wa kulia daima palibaki pembe tatu ya sakafu tupu, nyembamba safu ya kwanza, pana safu ya mwisho.

Aliyechelewa aliswali juu ya jiwe. Na aliyechelewa kila mara alikuwa Mzee Duni wa Makunduchi, aliyeleta tungule, nyanya za shamba lake, mjini na kufika msikitini gari la shamba lilipotaka, si alipotaka yeye. Akirudi nyumbani alimwambia mkewe, Bi Mwanamkasi, habari za soko na habari za magoti yake. Alipofariki, Bi Mwanamkasi alimaliza eda, akakaa kidogo, kisha akasema atasuka mkeka wa msikiti ule, wa umbo la chumba kile kile, usiache jiwe hata la kukaa paka. Ndiyo sadaka yake kwa marehemu. Alitaka uwe umetandikwa Ramadhani ikiandama. Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na moja.

Aliyetumwa kupeleka vipimo ni Borafya, mume wa binti yake Kidawa, fundi cherehani wa hapo hapo Kajificheni.

Borafya alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake kubwa kuliko zote aliiweka kwa mama mkwe. Tangu aoe hakuwahi kumtazama usoni kwa muda wa kutosha kujua kama anafanana na Kidawa. Akienda Makunduchi hukaa ukumbini, mama mkwe hukaa chumbani, na katikati huning'inia pazia. Akiulizwa jambo hujibu, "Naam, mama." Akiulizwa jambo jingine, hujibu hivyo hivyo. Bi Mwanamkasi aliwaambia majirani kuwa amepata mkwe mwenye kukubaliana na kila kitu, na alikuwa hajaamua kama hiyo ni neema au ni ugonjwa.

Kwa kuwa ni fundi wa nguo, Borafya hakujua njia nyingine ya kueleza umbo ila kulikata. Aliipima sakafu kwa utepe, akakata karatasi ya kaki ya umbo la chumba, ya kuenea kiganjani, na kwenye ukingo wa mbele akakata kijino kidogo kuonyesha kibla, kama anavyokata kijino kwenye kitambaa kuonyesha pa kuunga mkono wa shati. Akafunga na kamba mbili zenye mafundo kwa ajili ya urefu na upana. Akapanda gari la Makunduchi, akaketi ukumbini, akapitisha karatasi chini ya pazia.

Bi Mwanamkasi aliipokea. Siku ile kulikuwa na joto, akajipepea nayo kidogo, kisha akailaza chini mbele yake.

Pazia lilikuwa fupi. Borafya aliona bangili, akaona vidole, akaona na karatasi. Imelala kifudifudi. Kijino kilikuwa mbele kama kawaida, kwa kuwa kijino hakina uso wala mgongo, lakini ubavu uliopinda ulikuwa umehamia upande mwingine.

"Kwa hivyo hapa penye jino ndipo kibla," alisema Bi Mwanamkasi.

"Naam, mama."

"Na ubavu uliokwenda upande ni huu wa kushoto."

Borafya alifungua mdomo. Neno lililohitajika ni dogo, hata mtoto anayeanza kusema hulipata mapema. Lakini yeye alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya pazia lile, na ulimi haukujua njia.

"Naam, mama."

"Una hakika? Maana nikishasuka nshasuka."

"Naam, mama." Halafu akakohoa, akitumaini kuwa kikohozi kitasema kilichobaki.

"Una kifua?"

"Naam, mama."

Alirudi mjini na chupa ya dawa ya kifua, chungu kama shubiri, na Kidawa akaisimamia mpaka ikaisha.

"Hebu rudia," Kidawa alimwambia alipopata habari nzima. "Mama alikuuliza kama upande wa kushoto, ukamwambia ndiyo?"

"Sikumwambia ndiyo. Nilimwambia naam."

"Na tofauti yake?"

"Naam ni ya heshima."

Kidawa alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. "Bwana wee."

"Mtumie salamu kwa mtu wa gari. Mwambie karatasi ilipinduka."

"Ilipinduka mkononi mwa nani?"

Borafya alitazama mlangoni.

"Unaona," Kidawa akasema. "Salamu hiyo ina sura mbili tu. Ama mama yangu hajui kushika karatasi, ama mume wangu kaulizwa mara mbili kajibu uongo mara mbili. Mimi siibebi. Nenda mwenyewe."

"Ntakwenda."

Akawa anakwenda kila wiki, kwa maneno. Wiki hii ana kanzu za arusi, wiki ijayo gari limeharibika, nyingine mvua. Kule Makunduchi Bi Mwanamkasi alikuwa akisuka. Alisuka kili ndefu za ukindu, mikanda ya majani makavu ya mkindu, kila moja ya kutoka mbele ya chumba hadi nyuma, na katika kila ukili aliingiza miyaa myeusi, majani yaliyotiwa rangi, mahali maalumu, ili kili zikishonwa ubavu kwa ubavu, weusi ukutane na weusi na kufanya mstari mmoja wa kusimamia safu. Watu wa kijiji walipita kutazama. Borafya alisikia habari hizo, na kila aliposikia mkeka umefika wapi, aliona njia ya Makunduchi imezidi urefu.

Mkeka ulifika mwisho wa Shaaban, juu ya paa la gari, umekunjwa mnene kama gogo la mnazi. Watu wanne waliubeba hadi msikitini. Mzee Muhiddin, msimamizi, alikuwa ameshaondoa mikeka ya zamani na kufagia. Jecha fundi saa, ambaye duka lake linatazamana na la Borafya, aliliacha duka wazi aje kuona.

Ukafunguliwa. Ulikuwa mzuri. Ukindu mkavu uliong'aa, na mistari mitano myeusi iliyokwenda kutoka ukingo hadi ukingo bila kuvunjika hata mahali pamoja, kama imechorwa kwa rula juu ya kitu kizima. Kisha wakausogeza ukutani.

Upande wa kushoto mkeka ulifika ukutani na ukaendelea. Kule nyuma ulipanda ukuta hadi usawa wa kiuno. Upande wa kulia jiwe lilibaki pale pale lilipokuwa siku zote.

Jecha aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. "Borafya, mkeka wako unataka kupanda juu kuadhini."

"Labda tuuzungushe," akasema Borafya, ingawa alijua.

Wakauzungusha, nyuma ikawa mbele. Sasa ubavu uliopinda ulikuwa kulia kama ukuta, lakini upana umekuja mbele. Ukapanda ukuta karibu na mihrabu.

"Huku naona unataka kuwa imamu kabisa," Jecha akasema.

"Tuupindue," akasema mmoja wa wabebaji. Wakaupindua, na hapo ukakaa. Ulikaa vizuri mno, kila pembe kwenye pembe yake. Ila sasa mgongo ndio uko juu, na mgongo wa mkeka ule ulikuwa na mishono minene kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na ncha za ukindu zimesimama kila mahali. Jecha alipiga goti ajaribu, akainuka upesi kuliko alivyoshuka.

Mzee Muhiddin hakuwa mtu wa kulaumu. Alitembea akauzunguka mkeka, akautazama ukuta wa kulia kwa muda, kama anaupa nafasi ya kujieleza. "Tusiseme mkeka mbaya," akasema. "Mkeka mzuri sana. Lakini Ramadhani hii tutatandika ile ya zamani. Huu tuuweke ghalani, mwakani Mungu akitujaalia tutajua la kufanya."

Borafya akajua maana ya ghalani. Ghala lilikuwa na ngazi iliyovunjika, jeneza la akiba, na panya.

"Nipe siku mbili tatu, mzee," akasema.

Hakuzihitaji kwenda Makunduchi, kwa kuwa Bi Mwanamkasi aliwasili kesho yake. Mmoja wa wabebaji alikuwa mtu wa huko, na habari ilipanda gari la jioni. Alishuka na kikapu, mzigo mdogo wa ukindu, na shazia, sindano yake ya kushonea mikeka, ndefu kama mkono wa mtoto, ameichomeka ndani ya gunzi la hindi isimchome mtu. Akapanda ghorofani kwa binti yake, juu ya duka. Borafya alilala dukani, akidai ana kazi.

Asubuhi, watu walipokwisha kuswali na kutawanyika, Mzee Muhiddin alimfungulia msikiti aingie aone. Kidawa alifuatana naye. Borafya na Jecha walibaki kichochoroni wameegemea ukuta. Bi Mwanamkasi alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika viatu vyake, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Jiwe lile ni baridi kweli," akamwambia Kidawa. "Nilidhani baba yako anazidisha." Kisha, akitazama mbele na kwa sauti ya kufika mpaka ukutani, "Mwambie mumeo auchukue mkeka aulete uani."

Ua wa nyumba ulikuwa mdogo. Mkeka ulitundikwa juu ya kamba nene iliyofungwa dirishani na kwenye nguzo, ukashuka kama pazia, ukaugawa ua sehemu mbili. Bi Mwanamkasi alikaa huku, Borafya kule, na Kidawa akasimama mwishoni, mahali anapowaona wote wawili.

"Mwambie mumeo," alisema Bi Mwanamkasi, "kipembe hiki cha ubavu wa kushoto nilikishona peke yake kisha nikakiunga. Kina mshono mmoja tu mrefu. Nikiufumua, kinatoka kizima."

"Mama anasema kipembe kinatoka."

"Nimesikia. Mwambie mama, tukikitoa kushoto tukakipeleka kulia kitakaa, lakini lazima kipinduliwe."

"Borafya anasema—"

"Sina uziwi. Mwambie, kikipinduliwa mgongo utakuwa juu."

"Mwambie mama, mgongo wa kipembe peke yake unaweza kusafishwa. Zile ncha zikatwe kwa wembe, na mishono ilazwe. Si kazi ya mkeka mzima."

"Mwambie nimeshaanza kufumua."

Kidawa aliwatazama, akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi nina chungu jikoni," akasema. "Na nyinyi nyote wawili mnasema Kiswahili." Akaondoka.

Kwa kitambo kilichosikika ni uzi ukikatika. Kipembe kikatoka. Bi Mwanamkasi alikishughulikia kwa wembe sehemu kubwa ya asubuhi, ncha moja baada ya nyingine, akipitisha kiganja kila baada ya kidogo, mpaka mgongo ukawa laini kama uso. Kisha wakauteremsha mkeka kambani mpaka ukingo wake wa kulia ukafika usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, wakakileta kipembe chini yake, ukingo kwa ukingo. Nyuso zao zilifichwa na mkeka. Mikono yao ilionekana. Bi Mwanamkasi alipenyeza shazia, Borafya aliipokea upande wa pili, akavuta, akairudisha.

Walianzia nyuma, penye upana. Mstari wa kwanza mweusi ulikutana na mwenzake barabara. Wa pili ulikutana kwa kubembelezwa. Walipofika wa tatu, weusi wa mkeka na weusi wa kipembe walikuwa wamepishana vidole viwili. Ukindu uliofumuliwa ulikuwa umelegea, na ukingo wa mkeka nao ulikuwa umevutika kwa safari.

"Vuta," alisema Bi Mwanamkasi.

Borafya alivuta. Mkeka ukafanya kikunjo.

"Vuta tena. Kipembe kiufuate mkeka, mkeka hausogei. Mkeka ndio mkubwa."

Borafya aliukamata ukingo. Aliona jambo lilivyo: watavuta hapa, mstari wa nne utapishana vidole vitatu, wa tano vinne, na kule mbele kabisa kitabaki kikunjo cha kumwangusha imamu. Aliona pia, bila kutaka, ghala, na panya.

"Vuta, Borafya."

"Hapana, mama."

Shazia ilisimama katikati ya ukindu. Kule jikoni, mwiko nao ulisimama.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana, mama." Mara hii lilitoka jepesi kidogo. "Tukivuta tutaharibu. Nnaomba tufumue tulichoshona."

"Tufumue?"

"Mkono wa shati ni mpana kuliko tundu la kwapa, mama. Siku zote. Fundi akianzia upande mmoja akafuata tu, ziada yote hukusanyika mwisho, na mtu akivaa anaonekana kama ana jipu. Sisi tunashika kwanza mwisho na mwisho. Halafu katikati. Halafu katikati ya hapo na hapo. Tukishashika ndipo tunashona. Ziada inagawanyika, kila mahali inapata chembe, na jicho haliioni."

"Na nani anasogea? Mkeka au kipembe?"

"Wote wawili. Kidogo kidogo. Hapana mkubwa."

Shazia ikaanza kurudi kinyumenyume, ikifumua.

"Kumbe hapana unaijua," sauti ikatoka nyuma ya mkeka.

"Nnaijua, mama."

"Ulikuwa nayo siku ile ya karatasi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ikakaa wapi?"

Borafya alifikiri. "Ilitoka kama kikohozi."

Mkeka ulitikisika. Mwanzo alidhani amekasirika na anauvuta. Baadaye akatambua kuwa mama mkwe anacheka, kimya kimya, mabega yake yakigusa ukindu. "Na dawa yangu ukainywa," akasema alipopata pumzi.

"Yote, mama. Kidawa alinisimamia."

"Ndiyo adhabu yako, basi. Lete mwisho."

Wakaanza upya. Walifunga mwisho wa nyuma kwa uzi mmoja, wakafunga na wa mbele. Wakatafuta katikati, wakafunga. Wakakamata mistari mmoja mmoja, yeye akisogeza mkeka unywele, mama akisogeza kipembe unywele, wakiitana. "Umefika?" "Bado." "Sasa?" "Umezidi, rudi." "Hapo?" "Hapo hapo, usipumue." Mstari wa nne ulisumbua. Borafya alisema bado, mama akasema tayari, Borafya akasema tena bado, na mama akasema yeye amesuka mikeka kabla Borafya hajavaa suruali. Borafya akauacha. Hapana mbili kwa siku moja zilimtosha.

Walishona mpaka alasiri, na kesho yake asubuhi wakamaliza pindo.

Siku ya kutandika, watu walikuwa juu ya madari wakitafuta mwezi wa Ramadhani. Bi Mwanamkasi alibaki nyumbani kwa Kidawa, dirishani, ingawa dirisha lile halitazamani na msikiti wala na kitu chochote isipokuwa ukuta wa jirani. Borafya aliingia akiwa bado na vumbi la ukindu kwenye kanzu. Alisimama mlangoni.

"Umekaa?" aliuliza Bi Mwanamkasi bila kugeuka.

"Umekaa, mama. Pembe zote. Nilipiga goti mwisho kabisa kulia. Jiwe halipatikani."

Bi Mwanamkasi aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, akaufuta uso kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Mambo yangeweza kuishia hapo. Kidawa, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alimfanyia mumewe ishara kuwa yaishie hapo.

"Lakini mstari wa nne haukukutana," akasema Borafya. "Umepishana kidole kimoja."

Kidawa alifumba macho.

Bi Mwanamkasi aligeuka. Alimtazama mkwewe, na mkwewe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusema, hakuona pa kuyapeleka macho, akamtazama naye. Hakufanana na Kidawa hata kidogo.

"Kidole cha mtu mzima au cha mtoto?"

"Cha mtu mzima, mama."

"Jecha kakiona?"

"Bado. Lakini atakiona."

"Basi Idi ikipita nnarudi," alisema Bi Mwanamkasi, akainua gunzi la hindi kutoka kwenye kikapu na kumkabidhi, na shazia ikiwa ndani yake. "Kaa nayo wewe. Nikija usinambie naam."